Memba Aliyetutumia Vitabu

Memba alikuwa na namna yake ya kusalimia. Alikushika mkono, akakutaja jina, akakuuliza hali ya mifugo yako mmoja mmoja, na muda huo wote macho yake yalikuwa kwa mtu aliyesimama nyuma yako. Uliondoka umefurahi kwa kuwa amekumbuka kwamba ng'ombe wako mwenye baka jeupe aliumia mguu. Ulipofika nyumbani ndipo ulipogundua kwamba hukumwambia lile ulilokwenda kumwambia.

Nilimjua kwa miaka kumi na mitano na ushei. Kwanza alikuwa mwalimu wangu mkuu katika shule ya misheni upande wa Kitui, kisha akawa memba wetu katika Baraza la Kutunga Sheria huko Nairobi. Leo ni mtu ambaye ningependa kumchukia vizuri zaidi kuliko ninavyoweza.

Jina lake nitaliacha. Ana watoto na wajukuu, na hawakunikosea. Hata hivyo wakati ule hakuna aliyelitumia. Wazee walimwita Memba, wanawake walimwita Memba, na mkewe mwenyewe, mbele za watu, alimwita Memba.

Hatukumchagua. Hilo vijana hulisahau. Siku hizo halmashauri ya wenyeji ilipeleka majina, na Gavana akachukua alilolipenda. Lilipotangazwa jina lake, mwishoni mwa miaka ya arobaini, tuliimba njia nzima kutoka kanisani hadi sokoni kana kwamba tumefanya kitu. Mimi nilikuwa nimeshahamishiwa Kalamba kufundisha. Niliwafungia watoto shule siku hiyo, na sikuomba ruhusa kwa mtu.

Alikuwa na suti moja ya rangi ya udongo. Hakulivua koti lake mbele ya watu hata jua la Kalamba liwe kali namna gani. Fundi aliyeishona alikuwa mzee wa Kiislamu pale Kitui mjini, ambaye watu wake walitoka Pwani zamani. Nilimkuta siku moja akiitengeneza suti hiyo dukani kwake, ameikunja juu ya cherehani.

"Huyu bwana wenu ana ajabu," aliniambia. "Wenzake wakipata cheo huja niwaongezee kiunoni. Yeye kila mwaka anakuja nimpunguzie."

Nilicheka. Ilinichukua miaka kuona kwamba fundi yule alikuwa akiniambia jambo.

Akialikwa na DC, mkuu wa wilaya, alikula kwa uma na kisu, kidogo kidogo kama mgonjwa, akisema ameshiba. Akitoka huko alipitia kwangu, akaingia moja kwa moja jikoni na kumuuliza mke wangu, "Mama, kuna muthokoi?" Akala amesimama, sufuria mkononi, na koti limefungwa vifungo vyote. Mke wangu alimwekea kiti kila mara na kila mara hakukikalia. Akimaliza alipangusa mdomo kwa kitambaa na kutuambia tusimwambie mtu. Sijui alimficha nani. Wote tulikuwa tunakula hayo hayo mahindi.

Kiingereza chake kilikuwa kizuri mno. Alikitumia hata kwa polisi wasiokijua, kwa sababu aligundua kwamba polisi akisikia Kiingereza husimama wima. Kiswahili chake kilikuwa hiki chetu cha bara, na wenye maduka pale Kitui walikichekea mgongoni mwake. "Watu yangu," alikuwa akisema. "Watu yangu wananiamini." Nilipokuwa mwanafunzi wake angenichapa kwa kosa kama hilo.

Kanisani aliombea Mfalme, na Mfalme alipofariki akaombea Malkia. Sala zake zilikuwa ndefu hata watoto walilala. Kila mara, mwishoni kabisa, sauti ikishuka kama mtu anayeomba kitu asichostahili, aliongeza: "Na mvua, Bwana." Kwa maneno hayo matatu tu nilimpenda.

Na nisiseme kwamba alikuwa mwoga, kwa sababu hakuwa. Mwaka mmoja wanawake wa kijiji kimoja karibu nasi walikataa kuchimba matuta ya serikali ya kuzuia mmomonyoko. Walikuwa wakichimba siku mbili kila wiki bila malipo, na mashamba yao wenyewe yalikuwa yamejaa magugu. Askari wa chifu walikuja na fimbo. Memba alikuwa akipita hapo ndani ya gari la bwana shamba. Alishuka, akamnyang'anya askari mmoja fimbo, akaivunja kwa goti. Haikuvunjika mara ya kwanza, akarudia. Kisha akachukua jembe la mama mmoja akachimba mpaka saa kumi alasiri, koti lake mwilini, jasho likimchuruzika shingoni, na wale askari wamesimama hawajui pa kutazama. Wanawake walipiga vigelegele.

Jioni hiyo alikwenda kula kwa huyo huyo bwana shamba. Wiki iliyofuata amri ya matuta ilikuwa pale pale, na wanawake walirudi kuchimba. Nilipomuuliza, alinijibu, "Siku ile hawakupigwa."

Aliniambia hivyo kana kwamba siku moja inatosha.

Neno alilolirudia kuliko yote lilikuwa hili: "Tuko wachache mno mle ndani. Tukisema sana, watatafuta wengine." Alilisema kwa wazee na kwa vijana waliorudi kutoka vitani Burma wakiwa na maneno makali. Mwanzoni nililiona ni busara. Baadaye nilianza kujiuliza, kama mtu hawezi kusema asije akatolewa, yumo mle ndani kwa kazi gani?

Lakini jambo nililotaka kusimulia ni vitabu.

Kila mkutano wa Baraza ulipokwisha, yote yaliyosemwa yalichapishwa neno kwa neno katika kitabu chenye jalada la karatasi. Memba alinitumia kila kimoja. Vilikuja kwa treni hadi Emali, kisha kwa lori la mwenye duka hadi Kalamba, vimefungwa kwa kamba ya mkonge, na juu yake mwandiko wake uliolala upande: *Mwalimu, wasomee watu.* Hapakuwa na barua zaidi ya hiyo.

Basi nikawasomea. Jumamosi, soko likianza kupungua, nilisimama kwenye baraza ya duka, watu wakakusanyika. Nilisoma mstari kwa Kiingereza ili wasikie kwamba ni kitu cha kweli, kisha nikaueleza kwa Kikamba. Hata Hali ya Hatari ilipotangazwa na mikutano ikakatazwa, usomaji wangu uliachwa, kwa sababu chifu alisema hicho ni kitabu cha serikali na hakiwezi kuwa na ubaya. Mahali pengine mtu hakuweza kusimama na wenzake watano bila kuulizwa anafanya nini. Pale kwangu walisimama hata mia. Walikuja kutoka mbali na viti vyao vya miguu mitatu.

Kitabu cha kwanza kilikuwa cha kujivunia. Memba alisimama akauliza kwa nini ng'ombe wa Wakamba wananunuliwa kwa lazima, kwa bei ambayo mwenye ng'ombe hakuulizwa. Yote yalikuwa yameandikwa, swali zima. Kisha likafuata jibu la mjumbe mmoja mlowezi, aliyesema kwamba kama mheshimiwa huyu anawapenda ng'ombe kiasi hicho, afadhali awakaribishe chai. Na chini yake, ndani ya mabano, mchapaji aliandika kwamba wajumbe walicheka.

Nilisoma swali. Nilisema kwamba serikali imelisikia. Chai sikuitaja, wala kicheko. Watu walipiga makofi, na mzee mmoja alilia wazi wazi.

Memba alipokuja likizo alinivuta kando nyuma ya kanisa.

"Ulisoma chote?"

"Nilisoma, Memba."

"Chote?"

"Isipokuwa pale walipocheka."

Alinitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kunitazama mimi na si mtu wa nyuma yangu. Kisha akasema, "Asante," akaenda zake.

Kitabu cha pili, Memba hakusema neno. Nilikipekua mara tatu usiku na mchana nikitafuta jina lake, nikalipata kwenye orodha ya waliohudhuria tu. Jumamosi watu wakaja. Ningewaambia nini? Nilisema Memba alisimama, akaambiwa asubiri zamu yake. Kitabu cha tatu aliishukuru serikali kwa barabara mpya. Mimi nikasema aliishukuru, lakini akauliza mbona barabara hiyo inachimbwa na wanawake. Watu wakanguruma kwa furaha.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kumtungia hotuba. Zilikuwa hotuba nzuri. Lazima nikiri kwamba nilizipenda. Ijumaa nilizifanyia mazoezi darasani watoto wakishaondoka. Nilimpa Memba hasira ambayo hakuwa nayo, nikampa na maswali ya mama zangu na shangazi zangu, na serikali yangu mle kitabuni ilikuwa inashtuka, inanyamaza, inaahidi kuangalia. Makofi alipigiwa Memba, lakini masikio yaliyoyasikia yalikuwa yangu.

Alipokuja Kalamba walimpokea kwa ajili ya maneno ambayo hakuyasema. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Mtu akimuuliza, "Memba, walikujibu nini juu ya lile?" alisema, "Muulizeni Mwalimu, kitabu anacho." Nami nilidhani tunaelewana. Nilidhani hiyo ndiyo kazi aliyonipa, na kwamba ile asante ya nyuma ya kanisa ilikuwa mkataba.

Kulikuwa na mjane mmoja, Mama Mbithe, jirani yangu. Sisi tulimwita Mwaitu, kama tunavyomwita kila mama wa umri wake. Hakukosa Jumamosi hata moja. Alikaa mbele, miguu ameinyoosha, akinitazama usoni muda wote. Alikuwa na ng'ombe tisa, na hao tisa ndio waliokuwa mume, shamba na benki yake.

Bwana shamba alikuwa ameyafunga malisho ya upande wa mtoni. Walipanda mkonge kuzunguka, na ng'ombe aliyevuka alikamatwa na mwenyewe akatozwa faini. Walisema udongo unahitaji kupumzika. Labda ulihitaji. Lakini mvua za mwaka ule hazikuja, na majani pekee yaliyobaki yalikuwa ndani ya ule ua wa mkonge, marefu, yakikauka bila kuliwa. Wazee walimwomba Memba apeleke swali Nairobi: malisho yafunguliwe, hata kwa mwezi mmoja tu. Alimshika kila mmoja mkono na kusema atalifikisha.

Kitabu kilipokuja, nilikifungua palepale kwenye lori. Memba alisema anachukua nafasi hiyo kuishukuru serikali kwa kufunga malisho. Alisema watu wake mwanzoni walipinga kwa kutoelewa, lakini sasa wameiona faida yake na wanafurahi.

Jumamosi niliwasomea kwamba Memba ameomba malisho yafunguliwe, na serikali imesema itaangalia.

Mama Mbithe alinisubiri mpaka watu wakatawanyika.

"Mwalimu, mwanangu," alisema, "nina kaka yangu upande wa Mtito Andei. Anasema kwake kuna majani bado. Lakini safari ni ya siku nne, na wangu wamedhoofika. Nikingoja wiki mbili zaidi hawataweza. Niwapeleke sasa, au ningoje hayo malisho yafunguliwe?"

"Wamesema wataangalia, Mwaitu."

"Lini?"

Nilikuwa na kitabu mkononi. Ningeweza kusema sijui. Hata hilo tu lingetosha.

"Karibuni," nilisema.

Akangoja. Wa kwanza alianguka wiki ya tatu, karibu kabisa na ule mkonge, shingo imeelekea majani. Tulijaribu kumwinua kwa magogo, mimi na majirani, akaanguka tena. Saba walikufa kabla mvua hazijaja. Wawili waliobaki aliwauza kwa mchinjaji, kwa sababu hakuna aliyewataka wakiwa hai. Mbithe, bintiye, aliyekuwa darasani kwangu na ambaye hesabu zake zilinishinda hata mimi, aliacha shule akaenda kukata mkonge kwenye shamba la mzungu pamoja na mama yake.

Kabla hawajaondoka Mama Mbithe alikuja shuleni. Hakulia wala hakunilaumu.

"Nionyeshe pale palipoandikwa," alisema.

Nilikitoa kitabu. Nilifungua ukurasa, nikaweka kidole mahali ambapo Memba alisema juu ya malisho, kwa sababu sikuwa na akili ya kukiweka kwingine.

"Hapa?"

"Hapo."

Alichomoa mwiba uliokuwa umefunga leso yake, akatoboa karatasi mahali hapo. "Niazime," alisema. Ningekataaje? Alikifunga kitabu ndani ya leso na kwenda nacho. Kwa miezi mingi nililala nikifikiria ni nani atakayemsomea. Hakuwa na haraka. Waliojua Kiingereza kwetu walikuwa mimi, karani wa chifu na mhubiri, na baadaye nilisikia kwamba alisema, "Hao wote ni kitu kimoja."

Kisha ukaja ule uchaguzi wa kwanza, ambapo Mwafrika aliruhusiwa kumchagua memba wake. Si kila Mwafrika. Ulitakiwa uwe na elimu, au mali, au utumishi, na mwenye vingi alipewa kura zaidi ya moja. Mimi nilipewa mbili. Mama Mbithe hakuwa na hata moja.

Memba alikuwa na mpinzani, kijana mwenye sauti nzito aliyefanya kazi Nairobi. Memba alikuja Kalamba kwa idhini ya DC, na watu wakajaa kuliko nilivyowahi kuwaona. Alisimama pale pale kwenye baraza ya duka. Alikuwa amezeeka mno kwa mwaka mmoja. Aliwashukuru, akasema tuko wachache mle ndani, akasema kazi aliyoifanya wanaijua, waniulize mimi, kitabu ninacho.

"Hana," sauti ilisema. "Ninacho mimi."

Mama Mbithe alikuja mbele akifungua leso. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka shamba la mkonge, na vumbi lake jeupe lilikuwa bado kwenye nywele zake. Alimpa Memba kitabu kimefunguliwa tayari.

"Sina kura, Memba," alisema. "Nina swali tu. Nisomee penye tundu la mwiba."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwa Memba. Nilimwona akitafuta tundu, akaliona, akasoma kimya. Nilisema moyoni: atajua la kufanya. Ni mwanasiasa. Atawapa yale ninayowapa mimi.

Alivaa miwani. Alisoma kwa Kiingereza, polepole, kama alivyokuwa akitusomea imla zamani. Kisha akageuza kwa Kikamba, neno kwa neno, hakuacha kitu: kwamba anaishukuru serikali kwa kufunga malisho, kwamba watu wake walipinga kwa kutoelewa, kwamba sasa wameona faida na wanafurahi.

Nilisikia mbuzi akilia upande wa pili wa soko.

"Wanafurahi," Mama Mbithe alisema. "Ni mimi huyo niliyefurahi?"

Memba aliinamia kitabu.

"Ulisema hivyo kwa kinywa chako?"

"Nilisema."

Nilidhani Mama Mbithe atamtukana, au wote watamrukia. Lakini yeye alinigeukia mimi.

"Na 'karibuni' iko wapi?" aliniuliza. Kisha alimrudia Memba. "Mwalimu aliniambia karibuni. Nitafutie neno hilo."

Na Memba, Mungu amsamehe, alilitafuta. Alipitisha kidole ukurasa ule, akafungua uliofuata, akapitisha tena. Watu wote walimngoja.

"Neno hilo halimo, mama," alisema.

Hakuna aliyerusha jiwe. Walichukua viti vyao wakaenda nyumbani, wazee wakitangulia. Wengi walipita karibu yangu, na waliokuwa na mazoea ya kunisalimia walisalimia. Lakini tangu siku hiyo mtu akipata barua kutoka kwa mwanawe Mombasa aliipeleka kwa karani wa chifu. Kwangu waliniachia watoto wao tu, kwa sababu hapakuwa na mwalimu mwingine.

Memba alishindwa uchaguzi. Kura zangu zote mbili nilimpa mpinzani wake. Nimewahi kuwaambia watu kwamba nilifanya hivyo kwa sababu ya ng'ombe wa Mama Mbithe. Nilifanya hivyo kwa sababu Memba alinisoma mbele ya soko, uongo wangu ukaonekana.

Nilimwona mara moja zaidi, mwaka wa mwisho wa miaka ya hamsini. Nilikuwa nikienda Mombasa kwa kozi ya walimu, basi likasimama Mtito Andei ili abiria wapate kula. Niliingia katika hoteli ndogo ya mabati kando ya barabara, madereva wa malori wamejaa, na mwenye hoteli akaja na birika. Alikuwa yeye. Alikuwa amevaa shati jeupe lililokunjwa mikono, na nilitambua kwamba sikuwahi kuiona mikono yake bila koti. Ilikuwa myembamba kama ya mtoto.

Alinitaja jina. Aliniuliza hali ya mke wangu, akaniuliza kama yule mbuzi wetu mwenye pembe moja bado yupo. Alinimiminia chai, kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya: akavuta kiti akaketi.

Nilikuwa na hotuba yangu tayari. Nilikuwa nayo kwa miaka.

"Kwa nini ulisema kule Nairobi kwamba tunafurahi?" nilimuuliza.

"Bwana shamba aliniandikia karatasi, nikaisoma. Siku ile nilitaka wanipe kisima cha Kitui, na nilijua nikiwapinga sitakipata. Sikukipata vilevile."

"Na ukaniacha niwadanganye watu."

"Mimi?"

"Ulijua. Walikuja wakikupigia makofi kwa hotuba ambazo hukuzitoa. Ulinishukuru, Memba. Nyuma ya kanisa ulinishukuru."

"Nilikushukuru kwa kicheko," alisema. "Kicheko peke yake. Mtu anaweza kumwachia mwenzake aibu moja."

Dereva mmoja alipiga meza akitaka chai. Memba alimwonyesha mkono angoje.

"Mwalimu, nani alikutumia vile vitabu? Sikukosa hata kimoja. Kila nililosema na kila nililonyamazia nilikufungia kwa kamba nikakutumia. Nilikuwa sina ujasiri wa kuja kuwaambia watu yangu kwa mdomo wangu. Huo ni ukweli. Nikasema, Mwalimu atawasomea. Watakasirika, watanipigia kelele, nami nitarudi na kelele zao nimwambie Gavana, sikia. Nikija hapo, ninakuta makofi. Ningefanya nini na makofi?"

"Ungesema kweli."

"Ndiyo," alisema. "Wewe pia."

Sijui hata leo kama alikuwa akisema kweli au kama aliitengeneza hadithi hiyo katika siku zake nyingi za kumimina chai. Alikuwa mtu wa kuweza yote mawili. Siku ya swali la Mama Mbithe angeweza kudanganya na hakudanganya. Nimekwisha kulipinduapindua hilo pande zote, na haliniachi nikamchukia wala haliniachi nikamsamehe.

Kondakta alianza kuita abiria. Niliinuka nusu.

"Huyu mliyemchagua," Memba aliniuliza, "anakutumia vitabu?"

"Hapana."

"Anamtumia nani?"

"Hamtumii mtu."

"Basi mnajuaje anachosema kule?"

"Huja sokoni akatuambia mwenyewe."

"Anasema vizuri?"

"Anasema vizuri sana."

"Wanampigia makofi?"

"Wanampigia, Memba. Mengi."

Alitikisa kichwa polepole kama mtu anayesikiliza jina la marehemu. Kisha akasimama, akachukua kitambaa begani, akafuta meza upande wangu, ingawa kikombe changu kilikuwa bado kimejaa.